MAJI YANAPOINGIA KATIKA MASHINE YA CHOMBO

Mazungumzo kwa wenye vyombo, mabaharia na watumishi wa Serikali



Wahenga wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika chombo chenye mashine ya ndani msemo huu huzidi uzito, kwa kuwa mashine hukaa karibu na ngama, chini ya usawa wa bahari, na kila penye upenyo maji huteremka kuielekea. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi maji yanavyoingia, hatua zinazopasa kuchukuliwa, na ni nani mwenye amri wakati huo.

Jambo la kwanza kufahamika ni hili: maji peke yake huiharibu mashine kwa kuilia, lakini kinachoivunja mara moja ni kupiga stata ilhali maji yangali ndani ya silinda. Mashine ya dizeli hufanya kazi kwa kubana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi na sita ya ujazo wake, au pungufu ya hapo. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni inapopanda na kukutana na maji, mkono unaoibeba, ambao mafundi huuita konrodi, hupinda au kukatika. Mashine iliyohitaji oili mpya na kazi ya siku moja tu hugeuka chuma chakavu.

NJIA ZA MAJI

Maji huingia kwa njia nne zilizo mashuhuri:

(1) Bomba la moshi. Mawimbi ya nyuma huweza kusukuma maji ndani ya bomba lililowekwa chini mno au lisilopindishwa juu kabla ya kutoka nje.

(2) Kupiga stata kwa muda mrefu. Katika mashine inayopozwa kwa maji ya bahari na kuyatoa pamoja na moshi, pampu huendelea kuvuta maji kila stata inapozungusha. Mashine isipowaka, hapana moshi wa kuyasukuma nje. Hujaa katika bomba na kurudi katika silinda.

(3) Gasketi au kipoza oili kilichotoboka. Dalili yake ni oili kugeuka nyeupe mfano wa maziwa.

(4) Mafuta yenye maji. Tangi linalolala nusu tupu hufanya umande ndani yake, na maji huzama chini ya dizeli. Chujio likaguliwe na kumwagwa maji kila kabla ya safari.

HATUA ZA KUCHUKUA

Mashine ikizimika na kudhaniwa imeingiwa na maji, stata isiguswe. Koki ya maji ya bahari ifungwe, upenyo uzibwe, na ngama ifuliwe. Kisha kijiti cha oili kichomolewe na kutazamwa.

Nozeli zote zifunguliwe, na mashine izungushwe kwa mkono, taratibu, mpaka maji yatoke yote. Asisimame mtu mbele ya matundu hayo. Ikiwa mashine inakataa kuzunguka, isilazimishwe. Ni kazi ya fundi. Baada ya hapo oili yote imwagwe chomboni, wala si baharini, na itiwe mpya pamoja na chujio jipya. Mashine ikiwaka, iendeshwe kwa muda mfupi bila mzigo, oili imwagwe tena, na kazi hiyo irudiwe mpaka weupe usionekane. Ikigonga au kukosa nguvu, izimwe. Huenda konrodi imepinda.

Yote haya yafanywe siku ile ile. Hapa ni vyema kulinganisha na bara. Katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Upare, maji ni ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, nayo hayana chumvi ya bahari. Mashine iliyozama katika maji ya namna hiyo humpa fundi nafasi kidogo. Bahari haitoi nafasi hiyo: chumvi huanza kula chuma na shaba muda mfupi baada ya mashine kukutana na hewa. Kwa hiyo mashine iliyozama baharini ioshwe kwa maji matamu, pamoja na stata na nyaya zake, na kama fundi hayupo, silinda zitiwe oili na mashine izungushwe kwa mkono ili zisishike kutu.

NANI MWENYE AMRI

Hapa maelezo yanawahusu hasa watumishi wanaosafiri kwa kazi baina ya Unguja na Pemba. Mkondo wa Pemba una kina kirefu sana mahali pengi, na nanga ya chombo kidogo haifiki chini. Maji ya pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huenda kwa kasi zaidi. Chombo kilichozimika hapo huchukuliwa, na abiria huingiwa na hofu. Ndipo hutokea mkubwa wa kazi akamhimiza nahodha apige stata tena na tena.

Cheo cha ofisini hakivuki gati. Chomboni mwenye amri ni nahodha, na anayekataa kupiga stata anaokoa mashine ambayo huenda ikawarudisha wote nyumbani. Wajibu wa abiria ni kuvaa jaketi la kuokolea, kukaa chini na kusaidia kufua maji. Wajibu wa nahodha ni kutoa taarifa mapema, kabla chombo hakijachukuliwa mbali, kwa bandari, kwa KMKM au kwa vyombo vilivyo karibu, na kutweka tanga kama lipo.

Wakuu wa idara zenye vyombo wanakumbushwa kwamba oili ya akiba, chujio, spana za nozeli, dumu la maji matamu na jaketi kwa kila abiria ni sehemu ya chombo, kama ulivyo usukani. Chombo kisicho navyo kisiondoke.