STELINGI HAFI: NAMNA YA KUIPIMA SINEMA YA JASUSI

(Hotuba iliyotolewa Magoma, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu)



Nimepewa dakika kumi na tano, na Mwenyekiti amekwisha kuitazama saa yake mara mbili. Kwa hiyo naingia moja kwa moja katika jambo lenyewe.

Jana usiku vijana walionyeshwa sinema ya jasusi humu ukumbini. Ilikuwa The Spy Who Loved Me, ya mwaka 1977, Roger Moore akiwa James Bond. Leo asubuhi wakati wa chai nimewakuta wazee wenzangu wamegawanyika. Upande mmoja unasema sinema hizo ni upuuzi, zote ni moja, na shule haina sababu ya kuteketeza umeme kwa ajili yake. Upande wa pili unasema vijana wamesoma juma zima, waacheni wafurahi. Nikaombwa niamue. Nitaamua, lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu la zamani, maana sinema hiyo tunafahamiana.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa kidato cha tatu, nilirudi nyumbani likizo. Kwetu ni huku huku bondeni, chini ya milima ya Usambara, katikati ya mkonge. Mfanyabiashara mmoja alikuja na televisheni, deki ya video na jenereta, akaviweka katika ghala tupu na kutoza kiingilio. Watazamaji walikuwa wakata mkonge, wake zao na watoto. Kiingereza hakuna aliyekijua. Basi wakaniita mimi, msomi, nisimame kando ya televisheni nitafsiri.

Ndugu zangu, sikuelewa hata robo ya maneno yale. Lakini nilitafsiri yote. Alipotokea tajiri mwenye makao yake baharini, nikasema, “Huyu ndiye adui, anataka kuiangamiza dunia.” Na kweli alitaka. Alipotokea yule bibi mpelelezi wa Kirusi, nikasema, “Hawa sasa ni maadui, lakini mwisho watapendana.” Na kweli wakapendana. Lilipotokea lile jitu lenye meno ya chuma, watoto walipiga kelele kabla sijasema neno. Na kila stelingi alipozingirwa, ghala zima lilinijibu kwa sauti moja: “Stelingi hafi!” Siku ile nilipewa soda ya bure na sifa ya kujua Kiingereza.

Baadaye nikajiuliza: ni sinema gani hii ambayo mtu asiyeelewa maneno yake anaweza kuitafsiri bila kukosea? Nilipopata nafasi ya kuona nyingine, nikapata jibu. Mwaka 1967 mwongozaji Lewis Gilbert alitoa You Only Live Twice. Humo adui anateka vyombo vya anga vya Marekani na vya Urusi ili mataifa hayo mawili yapigane. Baada ya miaka kumi, mwongozaji yule yule akatoa hii mliyoiona jana. Safari hii adui anateka nyambizi, ili makombora yake yaziteketeze New York na Moscow. Anga imegeuzwa bahari, basi. Mwaka 1979 akatoa Moonraker, na bahari ikarudi kuwa anga!

Naona wazee wa upande wa kwanza wanatabasamu. Ngojeni kidogo. Bibi zetu walipotusimulia habari za sungura na fisi, ni nani kati yetu aliyekuwa hajui kwamba sungura atashinda? Tulijua sote. Hatukukaa pale motoni ili tujue nani atashinda. Tulikaa ili tuone safari hii atashinda kwa hila gani. Kwa hiyo kusema “zote ni moja” si kuihukumu sinema. Ni kutaja aina yake tu, kama kusema hiki ni chungwa. Hukumu huanza pale unapolimenya. Mimi hutumia maswali matatu.

Swali la kwanza: je, imetimiza ahadi yake? Sinema ya jasusi inaahidi mbio, hila, hatari na nchi za mbali. Haikuahidi kutufundisha uchumi. Anayeuza chungwa usimlaumu kwa kuwa haliko kama embe. Mlaumu likiwa limeoza. Jana tumepelekwa hadi kwenye piramidi za Misri, tumeona gari likizama baharini na kuendelea na safari yake kama samaki, na sikumwona kijana hata mmoja aliyesinzia. Ahadi imetimizwa.

Swali la pili: je, waliotengeneza walitoka jasho? Kumbukeni pale mwanzo, stelingi anapoteleza juu ya theluji mpaka ukingoni mwa jabali, akaruka, akaporomoka muda mrefu, kisha parachuti yenye bendera ya Uingereza ikafunguka. Siku ile ghalani watu walinyamaza hata tukasikia jenereta likihema nje. Ule si ujanja wa kamera. Mtu halisi, Rick Sylvester, aliruka kutoka Mlima Asgard, katika kisiwa cha Baffin huko Kanada. Na ile meli kubwa inayomeza nyambizi, tumbo lake lilijengwa katika jumba lililosimamishwa makusudi huko Pinewood, Uingereza, mwaka 1976, kwa kuwa hapakuwa na jumba la kulitosha. Kanuni ilikuwa ya zamani, kazi ilikuwa mpya. Vijana, hapo ndipo penye tofauti. Kufuata kanuni si dhambi. Dhambi ni uvivu.

Swali la tatu nilifundishwa na mjomba wangu, usiku ule ule. Mjomba alikuwa mlinzi shambani, na kabla ya hapo alikwenda vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Tulipofika kwenye yale mapigano ndani ya meli, watu wanaanguka kwa makumi na watoto wanashangilia, alinivuta shati.

“Mjomba, hebu tafsiri. Hawa nao ni nani?”

“Ni watu wa adui, mjomba.”

“Hilo nimeliona. Nauliza majina yao.”

Nikanyamaza. Hilo nilishindwa kulitafsiri. Mjomba akachukua rungu na tochi yake, akaenda lindoni. Asubuhi hakunigombeza. Alisema yule wa meno ya chuma alimchekesha sana, kisha akaongeza, “Lakini kule tulikokwenda sisi, kila aliyeanguka alikuwa na mtu wa kumlilia.”

Tazameni basi. Yule wa meno ya chuma alipewa jina, akapendwa, akapona, na mwaka 1979 akarudishwa tena katika Moonraker. Wengine hawakupewa jina, wakafa kama nzi. Katika swali la tatu sinema hii inafeli.

Je, kanuni hiyo haiwezi kubeba mzigo ulio mwema zaidi? Inaweza. Mwaka 1974 ndugu yetu Elvis Musiba alitoa kitabu cha Kufa na Kupona, akatupa Willy Gamba, jasusi wa Kitanzania. Naye ni stelingi, naye hafi. Lakini maadui zake ni wale waliotaka kuukwamisha ukombozi wa Afrika, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa hapa hapa kwetu, Dar es Salaam, tangu 1963 hadi 1994. Tuliosoma Willy Gamba tulikimbia mbio zile zile, ila tulijua tunakimbilia nini.

Sasa uamuzi wangu, Ndugu Mwenyekiti. Sinema ya jana ni nzuri katika aina yake, na ionyeshwe tena. Lakini taa zikiwashwa, vijana wasikimbilie bwenini. Wabaki dakika kumi, wayajibu maswali hayo matatu, na asiyekubaliana na mimi asimame aseme.

Wala sina wasiwasi nao. Jana, katikati ya milipuko ile, nilimsikia kijana mmoja nyuma yangu akimnong’oneza mwenzake, “Hivi hawa wanaokufa wote, kwao wataambiwa nini?” Niligeuka, lakini giza lilinizuia kumwona. Kama yumo humu, baada ya mkutano anifuate. Nina deni la soda, na angekuwapo mjomba angenitaka nimlipe yeye.