Sindano za Maumivu Sugu: Tumpeleke Nani?



Barua nyingi zinazofika ofisi ya miradi siku hizi zinaomba nauli na gharama za kwenda mjini kuchomwa sindano ya maumivu. Matibabu hayo yapo kweli. Daktari bingwa, akiongozwa na picha ya eksirei au altrasaundi, hufikisha sindano karibu na mshipa wa fahamu unaopeleka maumivu kwenye ubongo. Hapo huweka ganzi, steroidi au alkoholi, au huuchoma mshipa kwa joto la mawimbi ya redio. Hakuna kupasuliwa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ila maumivu hayafanani, na mfuko wetu ni mmoja.

Chukueni saratani ya kongosho. Mgonjwa huumwa tumbo hadi mgongoni, hali wala halali. Nyuma ya tumbo, kando ya mshipa mkuu wa damu, kuna fundo la mishipa ya fahamu. Likichomwa alkoholi, wengi hupata nafuu na kuhitaji mofini kidogo zaidi. Njia ya kulifikia fundo hilo kwa sindano ilielezwa na Mjerumani Max Kappis tangu 1914. Haiponyi saratani. Presha inaweza kushuka, mgonjwa akaharisha siku kadhaa, na kwa nadra sana miguu ikapooza. Familia iambiwe mapema. Mgonjwa wa namna hii asingojee kikao cha robo mwaka. Tunaomba mchungaji na mwenyekiti waidhinishwe kutoa nauli palepale.

Mgongo uliouma miaka mingi ni habari nyingine, na ndio umejaa kwenye barua. Mwaka 2017 utafiti wa Uholanzi uliwalinganisha waliofanya mazoezi tu na waliofanya mazoezi pamoja na kuchomwa mishipa kwa joto. Haikuonekana tofauti ya maana. Februari 2025, katika jarida la BMJ la Uingereza, jopo la wataalamu na wagonjwa lilishauri kwa mkazo sindano hizi zisitumike kwa maumivu sugu ya uti wa mgongo yasiyo ya saratani. Wako madaktari wanaolipinga jopo hilo. Wabishane, mama aliyeuza mbuzi wake kwa ajili ya sindano hatarudishiwa mbuzi.

Kwa hiyo wa mgongo tuwasaidie kupata mazoezi ya viungo hospitali ya wilaya. Mwenye homa za jioni na kukonda apimwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Anayekufa ganzi miguu au kushindwa kuzuia mkojo apelekwe hospitali leo, si kesho.

Wafadhili mmetuuliza kama mnunue mashine. Kwa sasa hapana. Tununulieni mafuta ya pikipiki ya muuguzi wa tiba shufaa, ili mofini ya maji imfikie mgonjwa aliye kitandani.

Fomu mpya za maombi ziko mlangoni. Sehemu inayouliza aina ya maumivu ijazwe na muuguzi, si na katibu.