Saa 15 Kwenda, Saa 14 Kurudi

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787 iliondoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ikaenda kutua New York bila kushuka popote njiani. Kabla ya hapo, msafiri alilazimika kubadilisha ndege njiani, kwa mfano Ulaya au nchi za Ghuba, mizigo na watoto mkononi. Safari hiyo mpya ilitangazwa kuwa ya saa 15 kwenda na saa 14 kurudi.

Umbali ni ule ule, kilomita zipatazo 11,800. Kinacholeta tofauti ni upepo. Huko juu, kiasi cha kilomita kumi kutoka usawa wa bahari, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani anapambana nao. Anayerudi nyumbani anasukumwa nao.

Njia yenyewe pia huwashangaza wengi. Kwenye ramani ya ukutani, mtu angechora mstari kupitia Kongo na Nigeria. Lakini dunia ni mviringo. Ukivuta uzi juu ya tufe kati ya miji hiyo miwili, utapita Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, na nusu ya safari itakukuta Moroko. Marubani hawaufuati uzi huo hatua kwa hatua, kwani hali ya hewa na usalama wa anga huwalazimisha kukunja kona.

Nairobi nayo ina shida yake. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi. Mabawa na injini hupungukiwa nguvu, na ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 ni nzito mno. Ubaridi wa usiku humsaidia rubani kuinuka na mzigo wake.

Panapoumiza hasa ni kwenye saa za tiketi. Tuseme ndege inaondoka Nairobi saa sita usiku, mwezi wa Julai. Itatua New York saa mbili asubuhi, kwa saa za huko. Mzee akihesabu vidoleni anapata saa nane tu. Wakati wa kurudi, anaondoka saa sita mchana na kufika Nairobi saa tatu asubuhi ya kesho yake: anapata saa 21. Hesabu zote mbili si za kweli, kwa sababu kila mji umeandikiwa saa zake, na Nairobi imetangulia kwa saa saba. Ikifika Januari, inatangulia kwa saa nane.

Kwa kijana hilo ni dogo. Kwa bibi mwenye kisukari anayekwenda kuona wajukuu, ni jambo la afya: dozi yake inafuata muda uliopita, na miguu yake inahitaji kunyooshwa mara kwa mara. Hapo wakala wa tiketi ana wajibu. Achukue kalamu, aandike juu ya karatasi ya tiketi muda halisi wa kukaa angani, kwenda na kurudi, na amsomee bibi kabla hajapokea pesa zake.