Meza Aliyoiacha Mathayo

Neno letu la leo latoka katika Injili ya Luka Mtakatifu, sura ya 5, mstari wa 27 hadi wa 32. Mkiwa na Biblia karibu, ifungueni.

Mama mmoja ametuletea swali. Mwanawe yuko Marekani, ana kazi yake, naye ni Mkristo aliyebatizwa na kupata kipaimara katika kanisa letu. Siku hizi, jioni moja kila juma, huenda kwenye mashindano ya mtaani ya mchezo wa karata uitwao poka. Amemweleza mama yake kwamba hanywi pombe wala hatukani, na kwamba pale mezani amepata nafasi ya kumshuhudia Kristo kwa watu wasioingia kanisani hata siku ya Krismasi. Mama auliza: Je, nifurahi au nilie?

Kwa wale wasioujua mchezo huu, tuueleze kidogo. Kila mchezaji hupata karata ambazo wenzake hawazioni, kisha huweka dau. Mwenye karata mbaya aweza kupandisha dau kwa uso mkavu kabisa, wenzake wakaogopa wakaziacha karata zao. Katika mashindano, kila mtu hutoa kiingilio na kupewa vijipande vya kuchezea. Anayeishiwa hutoka. Wachache wanaobaki mwisho hugawana fedha za viingilio, na mara nyingi mwenye nyumba huwa amekwisha kukata chake. Yako pia mashindano yasiyo na kiingilio, ambayo watu huchezea pointi tu.

Basi, jambo la kwanza: kijana huyu tusimcheke. Ameona jambo ambalo Wakristo wengi hatulioni. Mvuvi hangoji samaki waje kumwamkia mlangoni. Paulo Mtume, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 9, aeleza jinsi alivyojifanya mtu wa kila namna ya watu ili awapate baadhi yao. Ikiwa marafiki zetu wote ni watu wa kwaya na wa halmashauri ya kanisa, tutamhubiri nani?

Jambo la pili: wengine watasema mchezo huu ni uongo mtupu, kwa kuwa mchezaji huficha karata zake. Sisi hatutamhukumu kwa hilo. Mcheza bao naye huficha mawazo yake, na mcheza mpira humpiga mwenzake chenga mbele ya watu wote. Waliokubaliana kucheza wanajua kwamba ndivyo mchezo ulivyo. Shida yetu haiko hapo.

Shida yetu iko katika fedha. Ukienda dukani, mwenye duka apata shilingi zake, nawe wapata sukari yako. Wote wawili mwarudi na kitu. Mkulima akilima, mahindi yaliyokuwa debe moja yawa magunia. Lakini juu ya meza ya karata hakioti kitu. Fedha zilizoingia ndizo zitakazotoka, tena zimepunguzwa. Mimi nikipata, lazima mwenzangu akose. Ndiyo sababu John Wesley, aliyekuwa kasisi wa Anglikana, alifundisha katika hotuba yake juu ya matumizi ya fedha, iliyochapishwa mwaka 1760, kwamba mtu anayempenda jirani kama nafsi yake hawezi kumwondolea mali yake kwa kamari.

Hebu fikirini, ndugu zangu. Yule aketiye mbele ya kijana wetu, ambaye kijana wetu anataka kumweleza habari za upendo wa Mungu, ni yule yule ambaye kijana wetu anangoja ashindwe. Mdomo wamwambia, Yesu akupenda. Mkono wavuta fedha ambazo pengine ni kodi ya nyumba yake au karo ya mtoto wake. Yule mtu atausikia upi, mdomo au mkono?

Yuko mtu mmoja aliyelijua jambo hili kwa kuliona. Ni William Wilberforce wa Uingereza. Alipokuwa mbunge kijana, katika vilabu vya wakubwa wa London, usiku mmoja alishika benki ya mchezo wa karata uitwao faro, akaondoka na pauni 600. Wengi walioshindwa walikuwa vijana ambao walikuwa hawajarithi mali zao bado, na kulipa kuliwauma. Wilberforce aliuona uchungu wao, na uchungu huo ukamponya kamari. Kushindwa siko kulikomponya, ila kushinda. Alitazama nyuso za wenzake baada ya kushinda.

Baadaye, mwaka 1785, alipoamka kiroho, alimwendea kwa siri kasisi John Newton, ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Wilberforce alikuwa akiwaza kuacha siasa, maana nayo ilionekana chafu. Newton alimshauri abaki. Akabaki, na mwaka 1807 Bunge likapitisha sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika milki ya Uingereza. Chama cha CMS, ambacho Wilberforce alikuwa miongoni mwa waliokiunga mkono tangu kilipoanzishwa mwaka 1799, ndicho kilichomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Tazameni, basi. Aliiacha meza ya kamari, lakini hakuwaacha watu wa ulimwengu wake. Haya ni mambo mawili, na Mkristo hana budi kuyatenganisha.

Pengine kijana wetu atatujibu akimtaja Jerry Yang. Huyu alizaliwa Laos, akapitia maisha ya ukimbizi hadi Marekani. Mwaka 2007, huko Las Vegas, aliwashinda wachezaji wengine katika mashindano makubwa ya poka yaliyokuwa na watu 6,358, akapata dola 8,250,000. Alikuwa akiomba kwa sauti pale pale mezani, naye alitoa sehemu ya kumi ya fedha hizo kwa kazi za msaada. Moyo wa kutoa ni mwema, wala sisi hatuwezi kuhukumu maombi ya mtu. Lakini twauliza: katika wale 6,357 walioshindwa, hakuna hata mmoja aliyeomba? Je, Baba yetu wa mbinguni humpa mtoto mmoja mkate kwa kuuondoa mkononi mwa mwingine? Tukimfanya Mungu kuwa mgawa karata, siku karata zitakapokuwa mbaya imani nayo itakwisha.

Mwingine atasema, mitume nao walipiga kura, Matendo sura ya 1. Ni kweli, lakini katika kura ile hakuna aliyenyang'anywa kitu. Kura iliyo karibu zaidi na kamari ni ile ya askari chini ya msalaba, Yohana sura ya 19. Walikuwa karibu na Mwokozi kuliko watu wengi, lakini macho yao yalikuwa juu ya vazi. Kuwa karibu si kushuhudia.

Sasa turudi kwa Luka sura ya 5. Lawi, ndiye Mathayo, ameketi forodhani, mahali pa kutoza ushuru. Bwana amwita. Naye aondoka, aacha vyote, amfuata. Lakini msiishie hapo, someni mstari unaofuata. Lawi amfanyia Yesu karamu kubwa nyumbani mwake, na walioketi chakulani ni watoza ushuru wengi. Meza ya forodhani, ambayo juu yake aliwatoa watu fedha zao, ameiacha. Wenzake hajawaacha hata mmoja. Amewaandalia meza nyingine, na katika meza hii yeye ndiye anayegharimika.

Mama, ushauri wetu kwa mwanao ni huo. Mwandikie, wala usimwandikie kwa ukali. Mwambie kwamba twamshukuru Mungu kwa moyo wake wa kuwapenda watu wale. Kisha mwambie aiache meza ya kiingilio, bali watu asiwaache. Awaalike kwake Jumamosi. Awapikie pilau kama ulivyomfundisha, waketi wale wacheke. Aliyeshinda juzi na aliyeshindwa juzi wote watashiba. Hapo akisema kwamba neema ya Mungu ni ya bure, watamwelewa, maana watakuwa wakiila.

Na ikiwa mchezo ni ule wa pointi tu, usio na fedha? Hapo hatumwekei sheria. Lakini ajiulize swali la Paulo katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 8: yuko ndugu dhaifu karibu nami? Kwa mtu aliyewahi kufungwa na kamari, mchezo wa bure waweza kuwa mlango wa kurudi kifungoni. Akimwona mtu wa namna hiyo, na wainuke wote wawili, wakanywe chai mahali pengine.

Wala sisi tulio hapa Kenya tusidhani kwamba neno hili ni la walio ng'ambo peke yao. Sokoni kwetu kuna pata potea. Mikononi mwa vijana wetu kuna simu, na katika simu hizo watu wabashiri matokeo ya mipira usiku na mchana, hata fedha za mbolea zaisha. Na wazee wa kanisa, mnapouza tiketi za bahati nasibu ili kuezeka kanisa, hebu mfikiri kama kanisa lile lingeezekwa kwa kutoa tu, kwa moyo mkunjufu, bila kumwahidi mtu redio wala baiskeli.

Swali la leo, ndugu msikilizaji, ni hili: pale unapoketi na jirani yako, ni nani anayegharimika?

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeketi chakulani na wenye dhambi wala hukuwanyang'anya kitu, bali ulijitoa mwenyewe kwa ajili yao, walinde watoto wetu walio mbali. Wape upendo usiotafuta faida. Wafungue waliofungwa na kamari, uwafariji wake na watoto wanaolala na njaa kwa ajili yake. Nasi utufundishe kuandaa meza. Amina.

Bwana awabariki nyote. Kwaherini.