Mvumo Unaopima Eneo

Sauti inaweza kupima eneo la kitu bila futi kamba. Kofi likipigwa katika ukumbi mtupu wa matofali mjini Likasi, mvumo huzunguka ukutani kabla ya kufifia. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuupima mwaka 1895, akitumia bomba la kinanda na mito ya viti iliyobebwa usiku hadi ukumbini, kazi ya subira ya kupendeza. Kanuni yake: ujazo wa ukumbi huzidishwa kwa 0.161, kisha hugawanywa kwa muda ambao nguvu ya sauti hushuka mara milioni. Jibu ni eneo linalomeza sauti.

Ukumbi wa mita za ujazo 1,000 ukivuma sekunde 2, eneo hilo ni mita za mraba 80.5. Yakitandikwa mablanketi, mvumo ukashuka hadi sekunde 1.6, linafika 100.6. Mablanketi yameongeza 20 hivi. Kama kitambaa chake humeza nusu ya sauti inayokigusa, upande wake ulio wazi una mita za mraba 40 hivi. Mabamba ya shaba ya kiwanda cha Shituru, mjini humo Likasi, magumu na laini usoni, hayamezi karibu chochote. Hayo yanahitaji rula.