Wajukuu Wanapokuja Likizo Kutoka Ng'ambo

  

Mwanao anayeishi Uingereza amepiga simu. Desemba analeta watoto Siaya wamwone nyanya, wapande miti na kuogelea Ziwa Victoria. Ni furaha kubwa! Lakini mama, mtoto aliyezaliwa ng'ambo hana kinga ya malaria kama mwenzake aliyekulia hapa. Malaria kali yaweza kumwua kwa siku chache.

Kwa hivyo, mwambie mwanao awapeleke watoto kwa daktari wa huko wiki nne hadi sita kabla ya safari. Wapewe dawa za kuzuia malaria kulingana na uzito wao. Wasiziache wakifika hapa. Hata wakirudi kwao, waendelee kumeza kama walivyoagizwa.

Nawe tayarisha neti yenye dawa kwa kila kitanda. Jioni wavae nguo za mikono mirefu.

Na ziwani je? Watazame ndege na wavuvi, lakini wasiingie majini. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi.

Mjukuu akishikwa na homa, usinunue dawa dukani ukangoja. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe damu. Hata homa ikimpata Uingereza wiki kadhaa baadaye, daktari aambiwe mara moja: "Mtoto huyu alikuwa Kenya."