Shahamu Laini: Nguruwe Alikula Nini?

(Mazungumzo na wanafunzi wa klabu ya afya)



Najua humu ndani wapo ambao dini yao hairuhusu nguruwe. Msitoke, jamani! Haya nitakayosema yanamhusu hata kuku, na mwisho yatatugusa sisi wenyewe.

Miaka ya nyuma nilifuga nguruwe wawili. Mashudu ya alizeti niliyapata kwa bei rahisi, yale yanayobaki baada ya kukamua kwa kinu cha mkono. Kinu hicho hakikamui mafuta yote, mengi hubaki kwenye mashudu. Mimi nikawa nawajazia tu. Wakanenepa kweli kweli! Tulipochinja, nyama ikalala usiku kucha kwenye baridi. Asubuhi mwenye bucha akabonyeza shahamu ya mgongoni, kidole kikazama. "Mnyama wako alikuwa mgonjwa," akasema, na bei tuliyopatana akaikata nusu. Nilikasirika sana. Ila nguruwe wangu hawakuwa wagonjwa hata kidogo.

Sasa sikilizeni. Ng'ombe hucheua. Tumboni mwake mna vijidudu ambavyo hubadili sehemu kubwa ya mafuta ya mimea yakawa magumu kabla hayajaingia mwilini. Ndiyo maana mafuta ya ng'ombe huganda kama mshumaa. Nguruwe hacheui. Mafuta anayokula hufyonzwa karibu jinsi yalivyo, yakaenda kukaa chini ya ngozi. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kama asilimia 60, nayo haigandi hata ukiiweka kwenye friji. Anayekula pumba na unga wa mahindi bila mafuta mengi hujitengenezea shahamu yake kutokana na wanga, na hiyo huwa ngumu zaidi. Mafuta ya nazi nayo hayalainishi shahamu, maana karibu asilimia 90 yake ni ya aina ya kuganda.

Wamarekani waliyaona haya zamani. Kusini mwa nchi yao nguruwe waliachiwa mashamba ya karanga, na wanunuzi wakawa wanalipa kidogo kwa nyama yao laini. Miaka ya 1920 wizara yao ya kilimo ilifanya majaribio mengi. Karanga na soya zililainisha shahamu; mahindi yaliikaza tena, lakini polepole, kwa sababu mafuta yaliyokwisha wekwa hayaondoki upesi. Kwa hiyo mfugaji hupunguza mashudu wiki kadhaa kabla ya kuchinja. Siyo siku mbili!

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu ameniuliza kabla sijaanza: ipi bora kwa mlaji, laini au ngumu? Swali zuri. Mafuta magumu yakizidi hupandisha lehemu kwenye damu, na lehemu huziba mishipa ya moyo. Laini yana nafuu hapo. Tena asidi ya linoleiki miili yetu haiwezi kuitengeneza, lazima tuile. Lakini mafuta laini huharibika haraka yakikutana na hewa na mwanga. Nyama hiyo ukiiweka siku nyingi, hata kwenye friji, itaanza kunuka kama mafuta ya zamani ya kukaangia. Ikifika hapo usiile. Vitamini E katika chakula cha mnyama huchelewesha uharibifu huo. Na ikiwa laini au ngumu, shahamu ni shahamu: gramu moja ina kalori 9, wakati wanga una 4. Ukila kilo nzima ya kitimoto na wenzako wawili, usiniambie ilikuwa laini!

Nilisema yatatugusa. Sisi pia hatucheui. Madaktari wakichukua kipande kidogo cha mafuta chini ya ngozi yako, wanaweza kukisia umekuwa ukila mafuta ya aina gani kwa mwaka mmoja au miwili. Maziwa ya mama anayenyonyesha nayo hufuata mafuta anayokula.

Haya, nani ana swali lingine? Wewe dada wa nyuma, simama.